Mshale wa Maji

Siku ya kwanza, Ijumaa. Bukoba hadi Kampala

Basi liliondoka Bukoba alfajiri, mvua ya Aprili ikinyesha polepole kama isiyo na safari. Mkobani nina futi kamba, penseli mbili, rula ya vipimo na daftari hili. Dada yangu ameolewa Kampala, huu mwaka wa kumi na nne, na wiki iliyopita alinipigia simu mara tatu. Fedha ya kiwanja imetimia, shemeji ana haraka, na madalali wanamshinda shemeji kwa haraka. "Njoo utuangalizie kabla hatujaliwa," akasema.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Mhandisi si mimi, na mhuri sina. Mimi ni yule anayekaa na mteja, akamsikiliza anataka vyumba vingapi, choo cha ndani au cha nje, akachora, kisha mwenye mhuri akaja kugonga. Miaka kumi na tisa sasa. Tetemeko la Septemba 2016 lilipoangusha nyumba za watu Bukoba, nilizunguka nikikagua kuta za nyumba nilizochora, roho mkononi. Zilikuwa zimesimama. Tangu siku hiyo nikajiona fundi kamili.

Mutukula tulivuka bila matata, Kyotera nikasinzia, Masaka nikanywa chai. Nilikuwa naisubiri Katonga.

Ukishapita Lukaya, pale wauzaji wanapolivamia basi na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, barabara inaingia bonde la Lwera. Huku na huku ni mafunjo, mashamba ya mpunga, na mashimo yaliyochimbwa mchanga. Barabara imejengwa juu ya tuta, na tuta likikatisha bonde linakuwa ukuta: maji yote ya bonde lazima yapite pale ulipoyaachia upenyo, na upenyo ukiwa mdogo yatajitafutia mwingine. Mei 2023 yalijitafutia. Katonga ilifurika, ikala daraja, na barabara kuu ya kwenda Masaka na Mbarara ikafungwa. Dereva wetu alikuwa kazini siku hizo. Walizungushwa Mpigi, Kanoni, Sembabule, Villa Maria, ndipo wakatokea Masaka. "Abiria mmoja wa Bukoba alishuka akaniuliza kama tumeshaingia Kongo," alisema, na basi zima likacheka. Tulipopita darajani kicheko kilikoma chenyewe. Maji ya chini yalikuwa yametulia, meusi, yamefunikwa na magugu.

Kampala tuliingia usiku. Dada anapanga Rubaga, juu kilimani. Nililala nikisikia maji yakishuka kwenye mtaro wa nje kwa kasi, wala sikuuliza yanakwenda kwa nani.

Siku ya pili, Jumamosi. Kiwanja cha bondeni

Dalali alikuja amevaa viatu vyeupe. Nikasema moyoni, huyu ana uhakika na moramu yake, ule udongo wa kujazia.

Kiwanja ni cha hamsini kwa mia, hesabu ya futi wanayoitumia huku, yaani karibu mita za mraba 465. Kiko kwenye mradi mpya wa nyumba pembeni mwa kinamasi cha Lubigi, upande wa kaskazini magharibi mwa jiji, si mbali na ile barabara ya mchepuko. Kwa macho ni pazuri. Ukuta mrefu, geti la chuma, nyumba zinazofanana, pevingi hadi mlangoni, mitende michanga imepandwa kwa mstari. Dada alishaanza kuuliza jiko litatazama wapi.

Mimi nilitazama kuta kwanza. Chini ya rangi mpya ya ukuta wa nyuma kulikuwa na mstari wa unyevu, umenyooka kama umepigwa kwa pima maji. Nyuma ya ukuta huo mafunjo yalikuwa yanachungulia. Kwenye pembe ya kiwanja chetu palikuwa na magimbi, yamenawiri, na gimbi halinawiri pakavu. Nikaomba jembe. Kijana wa pale akachimba, shimo likafika kimo cha goti, na kabla hajapumzika maji yakaanza kujikusanya chini kama jasho.

"Hiyo ni mvua ya jana," dalali akasema.

"Jana mchana huku hakukunyesha," shemeji akajibu, "na usiku ilinyesha kidogo tu."

Dalali hakuyumba. Tutaongeza moramu, akasema. Malori kumi, malori ishirini, kiwanja kitapanda hadi mtasahau. Na hapo ndipo hasa nilipotaka kufika. Nyumba zote za pale zimepandishwa hivyo, kila mwenye kiwanja na malori yake, na sasa mradi mzima umekaa juu ya meza. Maji ya paa yanashuka kwenye pevingi, pevingi hazinywi kitu, yanakimbia hadi ukutani, na ukutani wametoboa matundu ya bomba la inchi sita. Nilihesabu tisa. Yote yanatazama chini.

Nikatoka getini nikazunguka nyuma. Chini ya matundu yale kuna safu za vyumba vya kupanga vya chumba kimoja kimoja. Waganda wanakiita chumba cha namna hiyo muzigo, neno ambalo sisi Waswahili tunalisikia kwa sikio jingine kabisa. Mama mmoja alikuwa anaanika godoro. Kiswahili chake nilikitambua mara moja kuwa si cha Kampala, na kweli, alilelewa Kilembe, kwenye kambi za mgodi wa shaba, ambako watu wa makabila mengi waliishi pamoja na Kiswahili kikawa cha kila mlango. Alihama baada ya mto Nyamwamba kushuka na mawe tarehe 1 Mei 2013.

"Nilikimbia Nyamwamba, kaka, nikaja kupanga chini ya bomba," alisema. "Zamani hapa maji yalikuwa yanapanda taratibu, unayasikia, unatoa watoto, unatoa unga. Siku hizi yanatoka ukutani, na mtoto akiwa amelala chini ndiye wa kwanza kujua."

Dada alisimama nyuma yangu akitazama matundu. Hakuuliza tena habari za jiko.

Kuhusu karatasi: dalali alituonyesha hati. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema vinamasi vinashikwa na serikali kwa ajili ya raia wote, na mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliingia Lubigi na matingatinga ikabomoa nyumba. Shemeji alimuuliza dalali kama tingatinga linajua kusoma hati. Dalali akasema tunapenda maneno mengi.

Siku ya tatu, Jumapili. Bwaise

Nilitaka kuona maji yale yanavyofanya kazi yenyewe, na Mungu hakuchelewa. Saa nane mchana wingu lilisimama juu ya Makerere, kijana wa bodaboda anayemfahamu shemeji akanipakia, tukashuka Bwaise matone ya kwanza yakianguka.

Kampala imekaa juu ya vilima na watu wanavitaja vilima tu. Lakini vilima vina mabonde, na ukisimama mgongoni mwa kilima cha Makerere una mito miwili miguuni pako. Tone linaloangukia upande wa kaskazini linakwenda Lubigi, kisha mto Mayanja, kisha Kafu, hadi Nile. Tone la upande wa pili linaingia mfereji wa Nakivubo, kisha Ziwa Viktoria, kisha linatoka Jinja na kuingia Nile hiyo hiyo. Bwaise iko pale chini, mlangoni mwa Lubigi, na kila kilima cha karibu kinaitumia kama beseni.

Watu wa Bwaise wamejenga elimu yao. Kila mlango una kizingiti cha tofali kinachofika gotini, unakivuka kama unayepanda mtumbwi. Vitanda vimeinuliwa kwa tofali. Soketi za umeme ziko juu, usawa wa bega. Vyoo vimejengwa juu ya ngazi, vingine ngazi sita, saba, kwa sababu ukichimba shimo chini unakutana na maji kabla hujakutana na kina. Mvua ilipokolea, kijana wa boda alininong'oneza nisikanyage maji ya upande ule. Kuna watu husubiri mvua kubwa ndipo wafungulie vyoo, mafuriko yabebe. Hakusema kwa kulaumu. Kunyonya choo kwa gari kunataka fedha, na mvua ni bure.

Tulijibanza kwenye kibanda cha roleksi. Ndani ya nusu saa mfereji mkuu ulikuwa umejaa hadi ukingoni, chupa na mifuko ikipita mbio, na vichochoro vikaanza kupokea. Mwenye kibanda akainua jiko lake la mkaa akaliweka juu ya meza, akaendelea kukunja chapati na mayai, maji yakimpita kwenye ndala.

Nikatoa daftari nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga miaka kumi na tisa iliyopita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba ninazochora mimi, za familia ya kawaida, lina mita 200 hivi za mraba. Mvua ya milimita 40, ambayo huku si ajabu, inamwaga juu ya paa hilo lita 8,000. Pakiwa nyasi na udongo, sehemu kubwa inanywewa, nyingine inatembea polepole ikifika jioni. Juu ya bati inafika sasa hivi. Nyumba mia moja kilimani, lita 800,000. Na wote wale wamepata kibali, wamelipa ada, hakuna aliyevunja sheria.

Kuna kitu lazima nikiandike. Kila ramani ninayochora ina mistari ya gata kuzunguka paa, na mwisho wa gata nachora mshale mdogo, pembeni naandika "maji ya mvua". Mshale unatoka nje ya mpaka wa kiwanja na unaishia kwenye karatasi nyeupe. Hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi nyeupe ile ni nini. Mteja hakuuliza, mwenye mhuri hakuuliza, mimi mwenyewe sikujiuliza. Karatasi nyeupe ndiyo hii Bwaise.

Tulirudi Rubaga usiku, suruali imelowa hadi mapajani. Dada akaniambia nioge kwa dawa.

Siku ya nne, Jumatatu. Kuufuata mfereji

Nakivubo nilitembea nao kwa miguu, kuanzia karibu na soko la Owino. Kisenyi iko hapo hapo, mtaa wa mashine za kusaga na biashara za Wasomali na Wakongomani, na kisenyi kwa Kiganda ni bonde la majimaji. Wazee waliopaita hivyo walishatoa tahadhari bure.

Uganda ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, kavera, tangu mwaka 2009, lakini mfereji haujapata taarifa. Niliona karavati moja, njia ya maji chini ya barabara, imezibwa hadi mtoto anaweza kuvuka juu ya takataka. Wanaozoa walikuwepo, wanne, na koleo. Takataka za jiji zilikuwa zikipelekwa Kiteezi, jalala lililofunguliwa mwaka 1996, hadi tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule ulipoporomoka baada ya mvua na kufunika nyumba za jirani. Watu zaidi ya 30 walikufa. Korongo wale wakubwa wenye vipara, wanaotua juu ya kila mti wa Kampala, walinitazama napita kama wanaojua wapi pa kunisubiri.

Baada ya Namuwongo, ng'ambo ya reli, mji unaachia na kinamasi kinaanza. Hapo maji machafu ya mfereji yanatandazwa, yanapunguza kasi, mafunjo yanakamata uchafu, na kinachobaki kinaingia ghuba ya Murchison. Upande wa Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo, ndiko jiji linakovuta maji ya kunywa. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba kazi inayofanywa bure na kinamasi cha Nakivubo ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Sasa sehemu kubwa ni magimbi, miwa na misingi ya majengo. Gimbi linafyonza pia, sikatai, lakini halilingani na funjo, na msingi wa zege hata gimbi linaushinda.

Shemeji alikuja na pikipiki kunichukua. Akaniuliza, kwa hiyo Kampala tusijenge kabisa? Nikamjibu nikiwa na njaa, nikamjibu vibaya. Tulikula kwanza.

Siku ya tano, Jumanne

Sikutoka. Tumbo, na nadhani ni kibanda cha roleksi, ingawa dada anasema ni maji ya Bwaise.

Nimelala mchana chini ya bati lisilo na dari, saa nane, jua limerudi kwa hasira. Chumba hiki kina dirisha moja na linatazama ukuta wa jirani. Nje palikuwa na mwembe, mwenye nyumba aliukata apate nafasi ya vyumba viwili zaidi. Dada anasema tangu ukatwe watoto hawalali mchana, na feni inakula umeme. Nimeandika kwenye daftari: madirisha mawili yanayotazamana kila chumba, dari, paa litoke nje ya ukuta angalau nusu mita, mti ubaki. Vitu ambavyo bibi yangu wa Kanyigo alivijua bila rula.

Siku ya sita, Jumatano. Jinja

Tulikwenda mimi na shemeji, njiani kuelekea Mbale, ambako ndiko kwao. Jinja alitaka tu nione kiwanja cha ziwani kinachouzwa na rafiki wa rafiki.

Bei nzuri, upepo mzuri. Kando ya maji kulikuwa na vigogo vya miti vimesimama ndani ya ziwa, vikavu, vyeupe. Mti haukupandwa majini. Nikamuuliza mvuvi mmoja mzee, akasema ni ya mwaka ule wa korona, ziwa lilipohamia nchi kavu. Mei 2020 kipimo cha usawa wa ziwa pale Jinja kilionyesha mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, basi misimu miwili ya mvua iliyozidi inatosha kulipandisha. Aprili ya mwaka huo kisiwa kizima cha magugu na udongo kiling'oka ufukweni, kikaelea hadi bwawa la Nalubaale, kikaziba mitambo, na nchi nzima ikakosa umeme. Mvuvi aliisimulia kama mtu aliyeona ng'ombe akiingia msikitini.

Ile ya 1964 ilianzia mvua za mwishoni mwa 1961, mvua za Uhuru, babu yangu alikuwa anazitaja hivyo hivyo Bukoba. Kwa hiyo ziwa limeshaonyesha mara mbili linafika wapi, na kanuni za hapa zinataka mita 200 kutoka ukingoni ziachwe. Nilifungua futi kamba. Yangu ni ya mita 50. Sikuhitaji kuivuta mara ya pili, kiwanja chote kilikwishia ndani ya mvuto wa kwanza. Shemeji alicheka sana.

Siku ya saba, Alhamisi. Mbale

Shangazi yake shemeji anaishi karibu na stesheni ya zamani. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho lugha ya kwanza, chenye Kiganda kidogo na Kigisu kidogo ndani yake. Nilimpa shikamoo. Akaitikia huku anacheka, akasema hiyo wameileta wageni wa Tanzania, hapa wanaulizana habari tu.

Mlima Elgon ulikuwa umefunikwa. Ukingo wa Wanale, ule ukuta wa mwamba juu ya mji, ulikuwa unatiririsha maporomoko membamba, matatu au manne, meupe kama nyuzi. Kwa mgeni ni picha. Shangazi akiyaona anaingiza kuni ndani.

Alinisimulia usiku wa kuamkia Julai 31, 2022. Mvua kubwa ilinyesha mlimani, mjini kidogo tu, na ndiyo maana watu walilala. Mito miwili, Nabuyonga na Namatala, ikashuka pamoja. "Si sauti ya maji, mwanangu. Ni mawe. Yanagongana kama mabehewa yanayounganishwa." Watu zaidi ya 20 walikufa, na asubuhi, mji ukiwa umejaa maji, mabomba yakakauka kwa sababu mto ulikuwa umevunja bomba kuu. Nyumba yake ilifikiwa na tope hadi ngazi ya pili. Ina ngazi nne. Mumewe alisisitiza msingi mrefu na fundi akamcheka kwa kupoteza tofali.

Jioni tulitembea kandokando ya Nabuyonga. Pale palipozolewa pamejengwa tena, maduka ya ghorofa moja, mapya, madirisha ya alumini. Tangu mwaka 2020 Mbale ni jiji, na neno jiji limepandisha bei ya kila tuta. Mjenzi mmoja alikuwa anamwaga nguzo hatua kumi na moja kutoka kwenye maji. Nilihesabu hatua, nikanyamaza, ni mgeni mimi.

Siku ya nane, Ijumaa. Kiwanja cha juu

Kiwanja cha mwisho kiko nje kidogo ya mji, ardhi inapoanza kuinuka kuelekea Wanale. Ni kikubwa kuliko cha Lubigi na bei ni nafuu. Muuzaji ni mjane, hana dalali, ana mihogo.

Nilizunguka kwa saa mbili. Pembe ya chini kuna kijibonde, kikavu, nyasi zake ni za rangi nyingine, na ndani yake mawe ya mviringo, laini, ukubwa wa kichwa. Muuzaji alisema mawe hayo ni faida, tutayatumia msingini. Lakini mlima unatoa mawe yenye pembe. Jiwe la mviringo limesuguliwa, na aliyelisugua ni maji, na alipita hapa. Nikamwambia shemeji: hiyo robo ya kiwanja si yenu. Lipieni, lakini msijenge, wala msiizibe kwa ukuta.

Tukachimba shimo juu, tukamwagia ndoo mbili, tukasubiri. Baada ya saa nzima maji yalikuwa bado yapo, udongo ni mfinyanzi. Kampala kilimani ningewaambia wachimbe shimo la mawe la kunyonya maji ya paa. Hapa halifai, na hata lingefaa ningeogopa. Mteremko wa mfinyanzi ukishiba unatembea. Bududa si mbali. Kijiji chake cha Nametsi kilifunikwa na maporomoko ya udongo Machi 1, 2010, na kituo chake cha afya, na watu kwa mamia. Basi ni matangi. Nikachora mawili ya lita 5,000, kwa sababu moja, kwa mvua ya milimita 40 kwa saa, halifiki dakika 40 limejaa. Na la pili nalo likijaa?

Hapo ndipo jirani wa chini alipokuja, mzee mwenye panga mkononi na mtoto nyuma. Alisalimia, akatazama karatasi yangu juu ya paja, akauliza kwa Kiswahili cha jeshini: "Mtajenga, vizuri. Maji yenu yatakwenda wapi?"

Miaka kumi na tisa, mtu wa kwanza.

Sikuwa na jibu zuri. Tulishuka naye hadi barabarani kuiangalia karavati. Nusu imejaa mchanga. Tukarudi tukikadiria mtaro wa mawe pembeni mwa kijibonde, hatua sitini na kitu, yeye atoe mawe, shemeji atoe simenti, na ngazi ndogondogo ndani yake ili maji yasikimbie. Karavati nani ataizibua kila Machi na Septemba, hapo walibishana hadi mjane akaleta mihogo ya kuchemsha. Hawakumaliza. Shemeji alilipa kishika uchumba cha kiwanja mbele ya shangazi na mzee wa panga, na dada kwa simu akaanza upya habari za jiko.

Usiku nilimpigia mteja wangu wa Hamugembe, kule Bukoba, ambaye msingi wake unamwagwa wiki ijayo. Nikamwambia ile ramani ina kosa, gata la nyuma nimelielekeza kwenye jiko la jirani, nikirudi tubadilishe.

"Jirani amelalamika?" akauliza.

"Bado hujajenga."

"Basi akilalamika tutaona," akasema, akaniuliza Uganda bati la rangi ni bei gani.